Uwazi Unaishia Kwenye Chipu

Hotuba kwa mafundi simu na wanafunzi wa kompyuta, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, poleni na kazi. Wanafunzi, najua wengine mmefuata soda; karibuni sana, ila soda itakwisha kabla yangu.

Hiki nilichokishika ni kishikwambi cha Nexus 7, toleo la mwaka 2013. Asus walikiunda kwa ajili ya Google. Kilizaliwa na Android 4.3 na kikaishia Android 6. Baada ya hapo wenyewe wakanawa mikono. Mimi nilikikuta Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kioo kina ufa pembeni, na muuzaji akaniambia ukweli ambao sikuutarajia mtaa ule: "Kaka, hiki ni cha watoto kuangalia katuni." Leo kinaendesha Ubuntu Touch, mfumo endeshi huria usiotokana na Android. Ninasomea vitabu, ninafungulia barua pepe, na maelezo ya hotuba hii nimeyaandikia humo humo. Kamera yake msiniombe niwaonyeshe.

Nimeitwa niseme mtu ategemee nini akiweka mfumo endeshi huria, yaani ule ambao msimbo wake yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha, kwenye simu yake. Wanaoniuliza swali hili kibandani huwa wa aina mbili. Wa kwanza anangoja muujiza: simu kuukuu irudi ujana, bando lisiishe, chaji ikae siku tatu. Wa pili anaona ni uhuni, kwamba ukitamka "kuflashi", yaani kuondoa mfumo wa simu na kuandika mwingine, umeshatamka wizi. Wote wawili wanatazama juu, kwenye kioo. Mimi naomba leo tutazame chini, kwenye chipu, kwa sababu kesi yote inakatwa huko.

Kwanza niwaambie jambo ambalo wengi hunibishia. Android iliyo mfukoni mwako, sehemu kubwa yake tayari ni huria. Google waliinunua kampuni iliyoianzisha mwaka 2005, wakaitangaza Novemba 2007, na simu ya kwanza, HTC Dream, ikaingia sokoni 2008. Kiini chake, yaani kerneli, ni Linux, ile aliyoianzisha Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991. Msimbo wa Android yenyewe uko hadharani kwa jina la AOSP, yaani Android Open Source Project. Yeyote kati yenu anaweza kuupakua usiku huu, mradi ana subira na diski: maelekezo ya Google yanataka nafasi ya gigabaiti 400 kama unataka kuupakua na kuujenga. Kwa bando la wiki, sahau.

Sasa kama ni huria, mbona simu mbili za Android hazifanani, na mbona huwezi kuchukua mfumo wa hii ukaupachika kwenye ile? Hapo ndipo leseni zinapoingia, na nitazipita haraka maana si hotuba ya mawakili. AOSP ina leseni ya Apache: chukua, badilisha, uza, ukitaka funga. Ndiyo sababu Tecno wana Android yao iitwayo HiOS na Xiaomi walikuwa na MIUI. Hawakuiba, waliruhusiwa. Linux iliyo chini ina leseni nyingine, GPL, ambayo ni kali kidogo: ukiibadilisha na kuigawa, msimbo wa mabadiliko yako nao uutoe. Watengenezaji wengine wanautoa kwa wakati. Wengine wanautoa mwaka mmoja baadaye, ukiwa na makosa yasiyokubali hata kujengeka. Wengine ukiwaandikia hawakujibu.

Juu ya AOSP ndipo zinapokaa huduma za Google: Play Store, Maps, na ile inayofanya kazi kimya kimya kwa jina la Play Services. Hizo si huria hata kidogo. Mnakumbuka mwaka 2019, Marekani ilipowawekea Huawei vikwazo? Mtaani ikasemwa Huawei wamenyang'anywa Android. Haikuwa hivyo. Android hakuna wa kuinyang'anya, iko hadharani. Kilichoondoka kwenye simu zao mpya ni Play, na watu wakagundua kuwa walichokuwa wakikiita Android miaka yote ilikuwa Play.

Haya, tushuke kwenye chipu.

Simu ina kamera, modemu ya kushika mtandao, wifi, kipima uelekeo, kichakata picha. Kila kimoja kinahitaji draiva, programu ndogo inayojua kuongea nacho. Draiva hizi hutoka kwa waliounda chipu, Qualcomm, MediaTek, Unisoc na wenzao, na nyingi hutolewa zikiwa zimefungwa. Hupewi msimbo, unapewa faili limeshapikwa, na limepikwa kwa ajili ya toleo fulani la kerneli, si lingine. Mwenye chipu akiacha kulitunza, mtengenezaji wa simu hana la kufanya, au anapata kisingizio cha kutofanya. Simu yako ya miaka minne haikuzeeka. Kioo kizima, betri unaibadilisha kwa nusu saa. Kilichokufa ni faili lisilofunguka, lililo mikononi mwa mtu aliyekwisha kuhamia kwenye chipu ya mwaka huu.

Wale wanaotengeneza LineageOS, mfumo huria uliojengwa juu ya AOSP, na wengi wao wanafanya kwa kujitolea jioni baada ya kazi zao, wanachukua AOSP mpya na kuilazimisha ikae juu ya draiva hizo za zamani. Ni kama fundi anayefunga bodi mpya juu ya injini asiyoruhusiwa kuifungua. Wakati mwingine inakaa vizuri ajabu. Galaxy S5 ya mwaka 2014 kiwandani iliishia Android 6. LineageOS wakaifikisha Android 11. Fairphone 2, ya kampuni ya Uholanzi, ilitoka 2015 na ikaendelea kupata masasisho hadi 2023, na kazi ya wana-Lineage ilichangia kuifikisha Android 10. Wakati mwingine kila kitu kinakaa isipokuwa kamera, ambayo inapiga picha kama imewekewa kitenge mbele. Au bluetuthi inakata ukiwasha wifi. Au simu inapiga vizuri kwenye 3G, lakini simu za sauti kupitia 4G zinagoma. Hilo limeisumbua sana Ubuntu Touch kwenye vifaa vingi.

Kwa hiyo nikiulizwa, "Fundi, mfumo gani huria ni mzuri?", mimi nauliza, "Una simu gani?" Kifaa kwanza, mfumo baadaye. Ukifungua orodha rasmi ya LineageOS utakutana na Pixel za Google wenyewe, Xiaomi, Samsung za zamani, OnePlus, Motorola. Zile zilizojaa mifukoni mwetu, Tecno, Infinix na itel, humo utazitafuta kwa tochi. Chipu zake kwa kawaida ni MediaTek au Unisoc, msimbo haupatikani kwa urahisi, na modeli moja ina ndugu watano wenye majina yanayofanana na matumbo tofauti. Pamoja na hayo mlango upo. Tangu Android 8 ya mwaka 2017 Google waliitenganisha Android na draiva kwa mpango ulioitwa Treble, na simu zilizokuja baadaye zinaweza kupokea AOSP ya jumla, isiyotengenezwa kwa ajili ya modeli moja. Inawaka. Kama kila kitu kitafanya kazi ikishawaka, hiyo ni bahati nasibu, na mwenye simu aambiwe hivyo kabla hujaigusa.

Nazungumza hivi kwa sababu niliwahi kutomwambia. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado najifunza, jamaa aliniletea simu yenye MediaTek. Nikawasha SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuflashi simu za MediaTek. Mafundi mnajua, pale juu kuna machaguo matatu. Mimi, kwa haraka na kiherehere, nikachagua Format All + Download, lile linalofuta kila kitu kwanza. Wenzangu wanaocheka hapo nyuma wamenielewa. Simu iliwaka, ikapendeza, mfumo mpya kabisa. Nikafungua wifi nikaona maandishi yale ya NVRAM WARNING. Nikabonyeza *#06#, IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, hakuna. Nilikuwa nimefuta NVRAM, sehemu ambayo simu imeandika utambulisho wake. Mtandao haushiki, na nakala rudufu sikuchukua. Jamaa nilimnunulia simu nyingine, na miezi miwili nilikula chapati kavu.

Hapo hapo niseme la IMEI, mwanzo na mwisho. Romu huria, yaani mfumo unaouflashi kwenye simu, haibadilishi IMEI, na mkija na simu ya kuokota mkidhani LineageOS itaisafisha, mmekosea meza. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizizima simu zenye IMEI bandia usiku wa Juni 16, 2016, na waliokuwa na vibanda wakati ule wanakumbuka foleni ya asubuhi yake.

Sasa pesa, maana nawaona mnavyoniangalia. *150*00#, menyu ya M-Pesa, inafanya kazi. Menyu ile haikai kwenye simu, inakaa kwenye mitambo ya kampuni. Simu inabeba tu ujumbe kwenda na kurudi. Kitochi kinaiweza, LineageOS itaiweza. Programu ya benki ndiyo habari nyingine. Google wana kipimo kinaitwa Play Integrity, mrithi wa SafetyNet. Programu ya benki inauliza: je, mfumo huu umeidhinishwa, na kufuli la kiwandani, yaani butiloda, limefungwa? Ukiweka romu umelifungua kufuli hilo. Basi programu nyingine zinafunguka bila maneno, nyingine zinafunguka lakini hazikubali kutuma, nyingine zinakufukuza mlangoni. Wapo mafundi wa kuidanganya Play Integrity kwa vificho. Leo inapita, Jumatatu wamebadilisha, na wewe uko kwenye foleni ya dukani na galoni la mafuta ya kupikia mkononi. Mimi benki yangu naiendea kwa menyu, polepole, na usiku nalala.

WhatsApp? Kwenye LineageOS inakubali hata bila huduma za Google. Unaipakua kwenye tovuti yao wenyewe. Arifa za programu nyingine zinaweza kuchelewa, kwa sababu nyingi hupitia mitambo ya Google, na bila Play Services hazina pa kushukia. Kuna mbadala huria uitwao microG unaoziba sehemu ya pengo hilo, na /e/OS, mfumo wa Gaël Duval, yule aliyeanzisha Mandrake Linux, unakuja nao tayari. Programu nyingine unazichota F-Droid, duka la programu huria lililoanza 2010: Organic Maps inayokuongoza bila bando, AntennaPod ya podikasti, VLC ya video na muziki, na Termux, ambayo wanafunzi wasio na kompyuta naomba waiandike, maana inageuza simu kuwa mahali pa kujifunzia Linux na Python. Bure, na hakuna tangazo la kamari linaloruka katikati ya somo.

Nimezungumza kana kwamba mifumo huria ya simu yote ni watoto wa Android. Ipo isiyo hivyo, na historia yake inasikitisha kidogo. Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, walileta Firefox OS mwaka 2013 kwa ajili ya watu wa simu za bei nafuu, yaani sisi. Desemba 2015 wakatangaza kuiacha kwenye simu. Canonical, kampuni ya Ubuntu ya kompyuta, walikuja na Ubuntu Touch. Mwaka huo huo 2013 waliomba umma uchange dola milioni 32 watengeneze simu iitwayo Ubuntu Edge, zikaahidiwa zaidi kidogo ya milioni 12, simu haikuzaliwa. Aprili 2017 nao wakaachia ngazi. Lakini angalieni kishikwambi hiki. Canonical wametoka, Ubuntu Touch ipo, kwa sababu msimbo ulikuwa hadharani na kundi la UBports likaubeba. Firefox OS nayo haikuoza: msimbo wake ndio uliozaa KaiOS, na vitochi vya 4G vyenye KaiOS mmevitengeneza kwa mikono yenu hapa mjini. CyanogenMod, romu ya Android iliyokuwa kazi ya Steve Kondik tangu 2009, ilianguka mwishoni mwa 2016 kampuni yake ilipogombana ndani na kuvunjika; ndani ya siku chache watu wale wale waliuchukua msimbo na kuuita LineageOS. Mfumo uliofungwa wa kampuni ukifa, unazikwa na funguo zake.

Nisiwapambie lakini. KaiOS imewaonyesha upande wa pili. Mwaka 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka lake, na mama aliyenunua kitochi cha 4G kwa ajili ya WhatsApp tu, umwambie nini kuhusu msimbo? Kwake simu imekufa. Ubuntu Touch nayo haina WhatsApp yake. Inabidi uweke Waydroid, ambayo ni Android ndani ya mfumo mwingine, na kwenye kishikwambi kizee kama hiki hata sijaribu. PostmarketOS, mfumo wa Linux kwa simu ulioanza 2017 kwa nia ya simu kuishi miaka kumi, ni shule nzuri kuliko zote kwa mwanafunzi, ila usimpe shangazi. Na PinePhone, simu ya Linux iliyoanza kuuzwa kwa dola 149, yenye vibonyezo vidogo chini ya kifuniko vya kukata modemu, kamera na kipaza sauti, naipenda sana kuitazama. Chaji yake ina haraka ya kuondoka.

Mwalimu mmoja aliniletea kishikwambi, katika vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha walimu wakapewa. Akasema kimekuwa kizito, nimwekee "hiyo Linux". Nilimwambia Mwalimu, shikamoo, kifaa ni cha mwajiri, sikigusi. Tukakaa, tukaondoa programu zilizojaza nafasi, tukaweka tatu kutoka F-Droid, akaondoka anatabasamu. Hiyo nayo ni kazi ya programu huria, na haihitaji kufungua kufuli lolote. Wengi wenu mtawasaidia wateja kwa njia hii kuliko kwa kuflashi.

Upepo wa sasa si mzuri, niwaambie na hilo. Machi 2025 Google walisema maendeleo ya Android yatafanyika ndani kwao, na umma utapata msimbo toleo likishakamilika. Juni, Android 16 ilipotoka, hawakuweka zile faili za Pixel ambazo watengeneza romu walizizoea. Agosti wakatangaza kwamba kwenye simu zilizoidhinishwa na wao, programu za wasanidi wasiojisajili zitazuiwa, wakianza na Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand mwaka 2026, kisha kwingine. F-Droid walipiga kelele sana. Kwa hiyo kufuli linaongezeka juu, kwenye programu, wakati lile la chini kwenye chipu halijafunguka. Xiaomi kwa miaka wamekusubirisha siku saba kufungua butiloda. Huawei waliacha kutoa namba za kufungulia tangu 2018. Ukinunua simu leo kwa nia ya kuiweka miaka mingi, uliza kufuli kabla ya kuuliza megapikseli. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae.

Na ukifungua kufuli ujue umefungua. Anayeishika simu yako mkononi ana nafasi kubwa zaidi ya kuichezea. GrapheneOS, romu nyingine huria, wameshughulikia hili vizuri: ni ya Pixel, na ukishaiweka unalifunga tena kufuli kwa ufunguo wao. Nyingine nyingi zinaliacha wazi.

Maswali matatu nitajibu, kisha tuingie mezani.

Dada pale ameuliza kama mfumo huria utamficha asifuatiliwe. Utapunguza kinachotumwa kwa Google, na hilo utaliona hata kwenye bando. Ila laini yako imesajiliwa kwa alama ya kidole, na mnara unajua uko Mbagala au Tegeta muda wote simu ikiwa hewani. Modemu ina programu yake iliyofungwa, na hakuna romu inayoifikia.

Kijana anauliza Kiswahili kipo? Kinakuja kwa mikono ya watu. Mwaka 2004 hapa hapa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa kwa kampuni yoyote. LineageOS na F-Droid nazo zina mahali pa kutafsiri, na neno likikukera leo unaweza kulirekebisha leo.

Fundi wa Manzese anauliza atoze kiasi gani. Toza muda wako, maana mfumo wenyewe ni bure na mteja anaweza kujua. Mwandikie kwenye karatasi vitu vitakavyogoma, asaini, na chukua nakala rudufu ya NVRAM hata kama ana haraka. Hasa kama ana haraka.

Nyaya ziko mezani. Aliye na simu ya pili aje nayo. Aliye na moja tu avute kiti aangalie, tutaharibu ya kwangu kwanza.